Gauni la Mifuko Miwili

Dar es Salaam, 9 Aprili 2025

Kwako Leila,

Assalaam aleikum. Huku Kariakoo tu wazima. Wifi yako goti limepata nafuu, watoto wamerudi shule, na masika yameshaingia dukani mara mbili kupitia paa la jirani. Natumai Mama anakula vizuri. Je, ananiulizia?

Barua hii anakuletea Protas, utingo wa basi la Kigali, kwa sababu namba yako nimeifungia tangu mwaka jana na sina nia ya kuifungulia. Uliyonitamkia siku ile yanatosha miaka kumi. Lakini kuna jambo siwezi kulinyamazia.

Binti yako Umulisa amemtumia wa kwangu picha ya Idd. Nimeiona. Mama kwenye kiti chake, amevaa kitenge nilichotuma, cha zambarau chenye maua ya njano. Wewe kulia, umevaa. Umulisa kushoto, amevaa. Hata Silvère, mlinzi wa getini, shati limemkaa. Na nyuma ya kiti, ameshika bega la Mama asije akaanguka, yupo Mukandekezi na blauzi yake ya kijivu ya mwaka juzi.

Mimi ndiye niliyenunua jora lile, nikaandika na karatasi kwa mkono wangu: Mama, Leila, Umulisa, Mukandekezi, Silvère. Kitambaa kilikuwa cha watu watano. Cha mtu wa nne kimekwenda wapi?

Unamjua Baba. Alipokuwa na duka Remera, jora la Idd lilikuwa moja kwa nyumba nzima. Anayekula chungu chetu atavaa jora letu, ndivyo alivyokuwa akisema, akamkatia mwenye kuleta maziwa, akamkatia mfagiaji wa baraza. Hata mwaka ule alipofunga duka kwa hasara hakuivunja desturi hiyo. Wewe umeivunja kwa mtu ambaye miaka sita anamwogesha mama yetu, anamgeuza kitandani na kumlisha kwa kijiko. Asante ya punda ni mateke, nilikuwa nikiisikia tu.

Nataka jibu, na liwe fupi.

Kaka yako,
Twahiru


Kabeza, Kigali, 27 Aprili 2025

Kaka Twahiru,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu nililelewa vizuri, si kwa sababu moyo unanituma. Umulisa anasomea mtihani. Cherehani moja ya dukani imekufa na fundi anasema nisiipotezee muda. Mama anakula.

Umetaka jibu fupi: kimekuwa foronya. Mama analalia mito minne sasa ili asipate vidonda, na foronya zilikuwa zimechakaa. Kwa hiyo kila usiku analalia kitenge chako. Ulipaswa kufurahi.

Mukandekezi analipwa kila mwisho wa mwezi, hajawahi kucheleweshewa hata siku moja. Siku ya Idd nilimpa mchele, sukari na lita tano za mafuta, akashukuru. Yeye ni Mkristo. Idd si yake, na sijaona mahali palipoandikwa kwamba ni lazima asimame kwenye picha yetu akiwa amevaa kama sisi, watu wakaanza kuuliza yupi ni nani.

Na usinifundishe desturi za Baba. Baba alikata jora kwa mkono wake akiwa hapa, usiku akaamka yeye kumpa mamaye maji. Wewe mara ya mwisho ulikuja kwenye hitma yake, mwaka wa nne huu, ukalala hoteli Remera kwa kuwa godoro la nyumbani linakuumiza mgongo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, Kaka. Hata ikiwa imenunuliwa Kariakoo.

Nina sababu zangu. Si zako.

Leila


Dar es Salaam, 20 Mei 2025

Kwako Leila,

Wa aleikum salaam, ingawa hukunitolea. Wifi yako anakusalimu, mimi sijui kwa nini. Mzigo wangu umekwama bandarini wiki ya tatu.

Nimeisoma barua yako mara mbili nitafute aibu ndani yake, sijaiona. Foronya! Mtu mzima, fundi wa miaka ishirini na tano, unamnyima mwenzio vazi halafu unasingizia vidonda vya Mama, na vidonda hivyo havipo kwa sababu ya mikono ya huyo huyo uliyemnyima. Na eti watu wataanza kuuliza yupi ni nani. Kwani wewe hujijui?

Pamoja na barua hii Protas atakupa kifurushi. Ni kitenge kile kile, nimelitafuta jora lake duka kwa duka mpaka nikalipata. Kinatosha gauni moja na kubaki kidogo. Ni cha Mukandekezi kwa ajili ya Idd el-Hajj. Cha kwako hakimo, wala cha Umulisa. Utakishona wewe mwenyewe, utampa mbele ya wageni, na utamwambia kimetoka kwangu.

Usipofanya hivyo nitajua. Silvère ana simu.

Umesema Mama anakula. Hukusema kama ananiulizia.

Twahiru


Kabeza, 12 Juni 2025

Kaka Twahiru,

Shikamoo. Idd ilikuwa njema. Tulichinja mbuzi mmoja, majirani walikuja, Umulisa alipika pilau na hakuiunguza.

Kitambaa nilikipokea. Nimekishona gauni. Nimempa Mukandekezi mbele ya wageni kumi na wawili na nimesema limetoka kwa Kaka Twahiru wa Dar es Salaam. Alilivaa pale pale, akashinda nalo mpaka jioni. Watu walilisifu.

Umeagiza, nimetekeleza. Sasa uniache.

Leila


Dar es Salaam, 2 Julai 2025

Mdogo wangu Leila,

Assalaam aleikum warahmatullah. Mzigo umetoka, alhamdulillahi, na wifi yako sasa anapanda ngazi bila fimbo.

Umeona? Hukufa. Kumshukuru anayekufutia mama yako haja hakumpunguzii mtu cheo. Nimefurahi, na nimewahadithia hapa kwamba dada yangu ana ulimi wa pilipili lakini akielekezwa anaelekea. Sikukuu zijazo tufanye hivyo hivyo, na kabla ya Noeli nitatuma kingine, maana Noeli ni yake.

Jambo moja tu. Safari hii Umulisa hajatuma picha. Binti yangu amemwomba, akajibiwa kwamba hakuna aliyepiga. Wageni kumi na wawili, gauni jipya, na hakuna aliyepiga picha?

Nakuuliza kwa mara ya tatu kama Mama ananiulizia.

Kaka yako,
Twahiru


Kabeza, 18 Agosti 2025

Kaka Twahiru,

Shikamoo. Umulisa amefaulu. Kiangazi ni kikali, vumbi limejaa mpaka ndani ya makabati.

Mukandekezi ameondoka. Aliondoka asubuhi ya siku ya pili ya Idd, kabla sijaamka. Nilipokuandikia barua ile ya Juni alikuwa hayupo siku ya tano. Nilidhani atarudi. Simu yake inaita, haipokelewi.

Nimeweka mtu mwingine, Béatha, amekuja na barua nzuri ya padri wake. Amekaa siku tisa. Mama akimwona anafumba mdomo, anageukia ukutani. Sasa nimefunga duka, namlisha mimi. Kwangu pia anafumba. Akipata vijiko vitano kwa siku tunashukuru. Mifupa ya mabega imetokeza. Daktari amekuja, anasema mwili hauna ugonjwa mpya, ni kwamba hataki kula.

Usianze kuniuliza kwa nini ameondoka. Watu huondoka. Ninachokuomba ni uje. Wewe ndiye mkubwa, na Mama yako anakwisha. Panda basi la Protas, ndani ya siku mbili uko hapa. Ugomvi wetu tutaukuta palepale tulipouacha.

Leila


Dar es Salaam, 5 Septemba 2025

Leila,

Sikusalimu.

Hukutaka nikuulize, basi nimemuuliza Silvère. Kwanza alijiumauma, baadaye akasema. Kumbe gauni ulilomshonea ni la kazi. Kola nyeupe, vifungo vya mbele mpaka chini, na mifuko miwili mikubwa tumboni kama ya wahudumu wa hoteli. Kitambaa cha Idd, mshono wa mtumishi. Ukamvika mbele ya majirani, ukamwambia mifuko ni ya matambara ya Mama, wageni wakacheka. Akagawa nyama ya sikukuu nalo siku nzima. Asubuhi Silvère akamfungulia geti, ameshika mfuko mmoja wa plastiki. Gauni alikuwa ameliacha kwenye kitanda cha Mama, limekunjwa.

Nimekaa dukani na simu mkononi mpaka wateja wakaondoka. Sijawahi kukuonea aibu hivi. Ungeyatupa matambara yale usoni kwake ingekuwa afadhali, maana angalau usingepoteza ufundi wa kushonea tusi.

Siji. Duka halina mtu wa kuliachia, na mimi sikuvunja kitu hapo. Aliyevunja ndiye aokote. Silvère anasema Mukandekezi yuko kwao Kagugu, anamtazama mzee mmoja wa jirani yao. Kagugu haihitaji paspoti. Nenda kwa miguu yako, umpigie magoti ukiweza. Mama akifa na njaa kwa sababu ya kiburi chako, usiniandikie. Nitaambiwa na Silvère.

Twahiru


Dar es Salaam, 9 Novemba 2025

Leila,

Miezi miwili Protas anarudi mikono mitupu. Silvère amebadilisha namba, simpati. Umulisa anamjibu binti yangu kwa neno moja, "wazima."

Wazima wangapi?

Nipe habari za Mama. Hata kama ni kwa matusi, andika.

Twahiru


Kabeza, 28 Desemba 2025

Kaka Twahiru,

Shikamoo. Mama yu hai. Nimeanza na hilo ili usiruke mistari.

Umulisa ameanza kazi kwenye duka la simu Remera, anaringa. Silvère amepata namba mpya kwa sababu mimi nilimwambia abadilishe. Niliona inatosha kuwa na mlinzi wa geti, sihitaji mlinzi wa ulimi wangu.

Sikukujibu kwa kuwa ulisema kweli, na kweli ikitoka kwako inanikaba. Sasa nitakupa yote, halafu uone utafanya nini nayo.

Ulitaka kujua kwa nini nilimtoa kwenye jora. Ramadhani, wiki ya mwisho, tulikuwa na wageni wa futari, wake wa wazee wote wa msikitini. Mama akamshika mkono Mukandekezi, akawaambia, huyu ndiye binti yangu Leila. Wakanitazama mimi. Mama naye akanitazama, akasema, yule ni fundi wa nguo, huja kunipima. Ilikuwa si mara ya kwanza. Tangu mwaka jana Leila ni yeye, mimi ni fundi. Ilikuwa mara ya kwanza mbele ya watu. Basi nikasema moyoni, siku ya Idd, siku moja tu, ijulikane kwa macho nani ni mtoto wa nyumba hii. Wewe ukatuma kitambaa cha kuniamuru nimvishe yeye na mimi nibaki na nguo ya zamani. Nikashona kwa hasira, Kaka. Usiku kucha nilishona, na mshono ulitoka mzuri, ndilo linalonitia aibu zaidi.

Kagugu nilikwenda mwezi wa tisa, siku nne baada ya barua yako. Nilibeba kitenge kipya, jora zima, kizuri kuliko vyako. Nilimkuta uani anafua. Mlangoni alikaa mwanamke mzee, miguu imevimba, anachambua maharage. Nikamwuliza Mukandekezi huyu ni nani. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina la jua. Ni mama yake. Miaka sita analala chumba kimoja na mama yangu, mimi sikujua kama na yeye ana mama.

Niliomba msamaha mbele ya mama yake, kwa Kinyarwanda, nikataja mifuko na nikataja kicheko. Nilifikiri nitakufa, sikufa. Halafu nikafungua jora nikaliweka mapajani pake. Akalikunja, akanirudishia. Alisema hivi, kwa Kiswahili chake:

"Dada Leila, nguo iko nyingi. Mie nataka siku. Miaka sita sijakula Noeli na mama yangu, wala Bonane ya mwaka mpya. Kwenu sikukuu ikifika wageni wanakuja, mie ndio nafanya kazi mara mbili, halafu munanipa kitambaa."

Kaka, Baba na jora lake, wewe na jora lako, mimi na foronya zangu, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza mtu wa maziwa kama angependa kulala siku ile. Tulikuwa tunawavisha ili wasimame vizuri wakitugawia nyama.

Masharti yake yalikuwa machache. Noeli kwao, Bonane kwao, Idd zote mbili kwao. Siku hizo asiitwe, asipigiwe simu, na asiwekwe Béatha mwingine mahali pake: watoto wa Mama wamlishe wenyewe. Nikakubali. Alimalizia mwezi kwa yule mzee, akarudi tarehe mbili Oktoba. Alipoingia tu Mama akasema, Leila, umechelewa, akafungua mdomo. Nilikuwa nimesimama pale na bakuli. Nikampa bakuli nikatoka nje.

Juzi Noeli ilifika, akaondoka tangu jioni ya mkesha. Umulisa alikuwa kazini, nilibaki mimi na Mama. Asubuhi nilijaribu uji, akafumba. Chai, akafumba. Nikamgeuza kumbadilisha, nikakosa mahali pa kuweka vitu, kopo la mafuta likaanguka, kitambaa kikaangukia sakafuni, nikaanza kulia kama mjinga. Ndipo nikalikumbuka lile gauni. Lilikuwa kabatini tangu Juni. Nikalifumua ubavuni kwa kuwa mimi si mwembamba kama yeye, nikalivaa. Kijiko mfuko huu, kitambaa na mafuta mfuko ule. Mifuko ile ina kazi, Kaka. Niliishona kwa kumdharau mtu, kumbe ndivyo gauni lilivyopaswa kuwa, ila mvaaji nilikosea.

Nikakaa kitandani, nikamshika kidevu kama nilivyomwona mwenzangu akifanya. Mama akalishika gauni, akalipapasa maua yake ya njano. Akanitazama muda mrefu. Akaniambia, Mukandekezi, wewe una mikono mizuri.

Nikaitika. Akala bakuli zima.

Sasa zamu yako. Idd el-Fitr itaangukia mwezi wa tatu. Mukandekezi atakuwa Kagugu, na mimi nimeshamwahidi kwamba siku ile nitampelekea mama yake chakula na nitakaa naye mchana kutwa, ili na yeye akae bila kuinuka. Silvère naye nimempa likizo, na Umulisa nitakwenda naye Kagugu. Nyumbani atakuwepo Mama peke yake. Ukija, atakuwa nawe. Usipokuja, utajua mwenyewe cha kumwambia Mungu wako wa madrasa.

Usilete jora. Uji apewe vuguvugu, kijiko kiingie ubavuni mwa mdomo, si mbele. Hoteli ya Remera usiifikirie, utalala chumbani kwake kwenye mkeka wa Mukandekezi. Kile kitambaa kilichobaki nimekushonea shati, lina mifuko miwili. Vipimo nimetumia vya hitma ya Baba, kama umenenepa ni shauri yako.

Na lile swali lako. Mwanzo nilikuwa nalikwepa kwa kukuonea huruma, baadaye nikawa nalikwepa ili uumie. Hajakuulizia, Kaka. Tangu mwaka jana hajakutaja hata siku moja. Nadhani hilo ulilijua, na ndilo linalokuweka Kariakoo.

Njoo hivyo hivyo. Atakuita jina litakalomjia, na wewe utaitika.

Leila